Kicheko Kinapimwaje? Maoni ya Watazamaji Kuhusu Filamu za Mzaha Mchafu

Ndugu waongozaji, waandishi wa miswada, wahariri, waigizaji, na ninyi wanafunzi mliokaa huku mbele na madaftari yenu: asanteni kwa kuitikia mwaliko. Tumeombwa tuzungumzie maoni ya watazamaji kuhusu filamu za vichekesho vya kuangukana na mzaha mchafu. Ni zile filamu ambazo mtu hupigwa na mlango usoni, suruali humvuka hadharani, au tumbo humharibikia ugenini. Filamu hizi hudharauliwa na wengi wanaozijadili na hupendwa na wengi wanaozilipia, na kwa sababu hiyo maoni juu yake hupimwa vibaya kuliko ya filamu za aina nyingine. Hoja yetu ni moja tu. Filamu ya namna hii haina alama moja. Huwagawa watu makundi mawili, na kazi ya mtengenezaji ni kujua nani yuko upande gani na ni tukio lipi lililomgawa.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Chukueni filamu mbili, kila moja imetazamwa na watu 100. Ya kwanza, wote 100 wameipa 6 kati ya 10. Ya pili, watu 50 wameipa 10 na wengine 50 wameipa 2. Wastani wa zote mbili ni 6. Sasa zipelekeni Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni kuhusu filamu, mahali ambapo alama ya watazamaji haihesabu wastani bali asilimia ya walioipa filamu nyota 3.5 au zaidi kati ya 5. Filamu ya kwanza itaambulia sifuri, kwa sababu 6 kati ya 10 ni nyota 3 tu. Ya pili itapata asilimia 50. Wastani unazisawazisha, asilimia inaziweka mbali kabisa, na hakuna hata moja kati ya namba hizo inayokueleza lililo kubwa: ile ya pili ina watu 50 watakaotoka ukumbini wakiwapigia simu rafiki zao, na wengine 50 watakaowaonya ndugu zao wasiisogelee. Filamu za mzaha mchafu karibu zote ni za aina hiyo ya pili. Kwa hiyo mtu akikuletea namba moja kuhusu filamu yako, mwombe akuonyeshe pia zilivyotawanyika: wangapi walitoa 10, wangapi 8, wangapi 2.

Ipo njia nyingine inayotumika sana Marekani, nayo ni ya CinemaScore, kampuni ya Las Vegas iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwanzilishi wake, Ed Mintz, alipata wazo hilo baada ya kuchukizwa na filamu ya vichekesho aliyokwenda kuitazama akiwa na matumaini makubwa. Utaratibu wao ni huu: usiku wa kwanza wa filamu, kwa kawaida Ijumaa, watu hupewa kadi ndogo katika kumbi za miji michache. Mtu anaweka alama kuanzia A hadi F, umri wake, jinsia yake, na kilichomvuta kuja. Majibu huchukuliwa papo hapo, mtu akiwa bado na filamu kichwani.

Ubora wa kadi hiyo ni kwamba inawauliza waliolipa. Udhaifu wake ni huohuo. Anayekwenda kuitazama filamu chafu Ijumaa ya kwanza ni yule aliyekuwa akiisubiri: ameshaona tangazo lake, anajua anachokwenda kukiona, na ametoka nyumbani akiwa na hamu ya kucheka. Alama zake zina upendeleo tangu mwanzo. Ndiyo maana kwenye kipimo hicho B si ya kujivunia sana, na C ni habari mbaya. Mwaka 2013 ilitoka Movie 43, mkusanyiko wa visa vifupi vya mzaha mchafu wenye mastaa wakubwa akiwemo Hugh Jackman na Kate Winslet. Ilipata D. Fikirieni vizuri: hao si wahakiki wenye kinyongo. Ni watu waliotoa fedha zao kwa hiari, siku ya kwanza kabisa, wakitaka uchafu. Waliupata, na bado hawakuridhika. Kilichokosekana tutakifikia punde.

Sasa tuje kwenye filamu tunayoipendekeza kwa yeyote anayetaka kulielewa jambo hili: There's Something About Mary, iliyoongozwa na ndugu wawili Peter na Bobby Farrelly na kuigizwa na Cameron Diaz, Ben Stiller na Matt Dillon. Ilitoka Marekani Jumatano ya tarehe 15 Julai 1998, ikiwa imegharimu takriban dola milioni 23. Wikiendi yake ya kwanza iliingiza kama dola milioni 13.7 na kushika nafasi ya nne. Kwa filamu nyingi hadithi ingeishia hapo: wiki ya pili inashuka, ya tatu inatolewa ukumbini. Hii iliendelea kubaki. Wiki ya nane, wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani mwanzoni mwa Septemba, ndipo ikapanda hadi nafasi ya kwanza. Hatimaye iliingiza takriban dola milioni 176 nchini Marekani na Kanada peke yake, karibu mara 13 ya mapato ya wikiendi ya kwanza. Filamu nyingi hazifikishi hata mara nne.

Hayo ndiyo maoni ya watazamaji katika umbo lake la kweli kabisa. Hakuna tangazo linaloweza kuinua filamu wiki ya nane. Kwa kawaida fedha nyingi za matangazo huwa zimeshatumika kufikia hapo. Kilichoiinua ni mtu kumwambia mwenzake. Na mtu huyo hasemi kwamba filamu ina uigizaji mzuri au picha safi. Anasimulia tukio moja. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kuhusu muswada wako ni kama ndani yake mna tukio ambalo mtu anaweza kulisimulia kwa sentensi mbili kisha msikilizaji akasema, "Haiwezekani, twende nikaone."

Tulitazame tukio moja la filamu hiyo kwa karibu. Ni mwaka 1985, Rhode Island. Kijana Ted amekuja kumchukua Mary waende kwenye dansi ya shule. Anaingia msalani, na kwa haraka na kiwewe anafunga zipu ikamnasa sehemu za siri. Mwongozaji asiye na uzoefu angetuonyesha jeraha mara moja, tupige kelele, tuendelee. Ndugu Farrelly hawakufanya hivyo. Kwanza tunaona uso wa Ted tu. Halafu anaingia baba wa kambo wa Mary, anaangalia, na sisi tunaona uso wake. Halafu anaitwa mama. Halafu polisi anatokea dirishani. Halafu mzimamoto. Chumba kidogo kinajaa watu wazima, kila mmoja akiwa na maoni yake juu ya aibu ya kijana mmoja. Katikati ya msongamano huo ndipo tunaonyeshwa lenyewe kwa kitambo kifupi mno, na kabla hatujapumua polisi anaamua kuivuta zipu mwenyewe.

Hesabuni vicheko. Maumivu ni mamoja, lakini kila mtu anayeingia analeta kicheko kipya, kwa sababu aibu imeongezeka shahidi mmoja. Na mtazamaji hamcheki Ted kwa chuki. Anamhurumia, maana Ted hakumkosea mtu, na usiku aliokuwa akiuota unaharibika mbele ya macho yetu. Hicho ndicho Movie 43 ilichokikosa. Uchafu ulikuwapo, lakini hapakuwa na mtu wa kumwonea huruma kwa muda wa kutosha. Kila kisa kilianza upya na sura mpya, na mtazamaji hakuwa na wa kumshikilia. Mkisoma maoni mabaya kuhusu filamu za aina hii, wengi huandika kwamba ilikuwa "chafu mno". Msilichukulie neno hilo kama lilivyo. Mara nyingi maana yake ni kwamba msemaji hakumjali mhusika, kwa hiyo alibaki akiuangalia uchafu peke yake.

Basi, vipi mtapima filamu yenu kabla haijatoka? Njia ya kuaminika ni onyesho la majaribio, nayo si mpya. Kabla ya kupiga A Night at the Opera ya mwaka 1935, ndugu Marx, wachekeshaji wa Marekani, walizunguka na vipande vyake jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio, huku vicheko vikipimwa kwa saa ili wajue wasimame kwa muda gani baada ya kila mzaha. Ninyi hamhitaji jukwaa. Mnahitaji ukumbi, watu, kinasa sauti na karatasi.

Ukumbi uwe mdogo na ujae. Hili hatulisemi kwa ajili ya fahari. Kicheko huambukizwa. Watu 80 katika chumba cha viti 80 watacheka. Watu haohao 80 katika ukumbi wa viti 400 watatawanyika, kila mmoja atajisikia yuko peke yake, na mtarudi nyumbani mkiamini filamu ni mbovu. Kwa tiketi za bure, alikeni mara mbili ya idadi ya viti, kwa sababu wengi walioahidi hawatakuja. Msialike ndugu, wala marafiki wa waigizaji, wala watu wa fani. Ndugu watacheka kila anapotokea mtoto wao, na watu wa fani watakaa kimya wakiichambua taa.

Sauti iangalieni kuliko picha. Mzaha wa kuangukana unategemea mlio: kishindo cha sahani, mwangwi wa mlango, pumzi ya mtu kabla hajateleza. Spika zikiwa dhaifu, au feni na jenereta vikivuma, mtapoteza sehemu kubwa ya vicheko na kumlaumu mwigizaji bure. Jaribuni sauti ukumbini kabla watu hawajaingia, kisha iongezeni kidogo, kwa sababu miili ya watu hunyonya sauti.

Wekeni vinasa sauti viwili mbele, chini ya skrini, vikiwaelekea watazamaji. Simu nzuri inatosha. Piga kofi moja kubwa sekunde ile filamu inapoanza ili baadaye mhariri aweze kuoanisha sauti ya ukumbi na picha. Pamoja na hayo, kalisheni watu watatu sehemu tofauti, kila mmoja akiwa na karatasi iliyogawanywa kwa sekunde kumikumi, na waandike 0 kwa kimya, 1 kwa tabasamu na mguno, 2 kwa kicheko cha wengi, 3 kwa ukumbi mzima. Mguno wa kinyaa uwekewe alama yake, tuseme K. Karatasi tatu zikipatana, una ukweli. Zikitofautiana sana, huenda waliokaa nyuma hawakusikia.

Siku ya pili mhariri aweke sauti ya ukumbi chini ya picha na kuitazama filamu nzima hivyo. Makosa manne hujitokeza karibu kila mara. La kwanza ni neno muhimu la hadithi lililozikwa chini ya kicheko: watu bado wanacheka, mhusika anataja jina la mji anaokwenda, na dakika kumi baadaye hakuna anayejua tuko wapi. Dawa si kuacha pengo tupu, maana atakayetazama kwenye simu peke yake ataliona pengo hilo kama kosa. Lijazeni kwa uso: mwenzake anayetazama, mbwa anayegeuza kichwa, mtu anayejaribu kusimama. Ukumbini uso huo unalinda nafasi ya kicheko, na nyumbani unakuwa mzaha wa pili. La pili ni mzaha uliodokezwa mno. Ganda la ndizi limeonyeshwa mara tatu, na mtu anapoteleza ukumbi umeshacheka kichwani. Kateni dokezo moja. La tatu ni kinyaa bila kicheko, K nyingi zisizofuatwa na 2 wala 3. Mara nyingi tatizo ni picha ya karibu iliyokaa mno. Ipunguzeni iwe chini ya sekunde moja, au muonyeshe anayeona badala ya kinachoonwa. La nne ni uchovu. Baada ya dakika ya 60 vicheko hushuka hata kama mizaha ni mizuri, kwa sababu mwili umechoka kucheka. Hapo pahitaji tukio la utulivu la dakika mbili tatu, ambalo wengi hulikata kwa hofu ya kuchosha.

Kadi zigawiwe mwishoni, kabla taa hazijawaka zote na kabla watu hawajaanza kuongea. Zisiwe na jina. Mwongozaji asionekane, na anayegawa kadi asiwe mwigizaji. Sisi ni watu wa heshima. Mbele ya mwenye kazi tutasema "nzuri" hata kama tulisinzia. Maswali sita yanatosha: umri na jinsia, alama kutoka A hadi F, je, utamwambia rafiki aitazame, kwa majibu ya bila shaka, pengine, hapana, tukio gani lilikuchekesha zaidi, tukio gani ulitamani lisiwepo, ulichoka wapi. Swali la tatu lipeni uzito kuliko la pili. Anayejibu "pengine" hatamwambia mtu yeyote, kwa hiyo hesabuni "bila shaka" peke yake. Na kama tukio lilelile linaongoza katika swali la nne na la tano pia, msikimbilie kulikata. Hilo ndilo tukio lenu la zipu. Angalieni kwanza ni nani waliolichukia.

Hapa ndipo pana jambo ambalo vitabu vya Hollywood havitawafundisha. Kwetu, mtu hacheki kwa namna moja mbele ya kila mtu. Kijana aliyekaa na wenzake kwenye kibanda umiza ataangua kicheko kwa mzaha wa chooni. Kijana yuleyule akiwa sebuleni na mama mkwe atainuka akidai anakwenda kunywa maji. Hajabadilisha maoni yake kuhusu filamu. Anachunga heshima. Kwa hiyo onyesho moja halitoshi. Fanyeni moja la watu wa rika moja, na jingine la mchanganyiko wa wazee, vijana, wake kwa waume. Linganisheni karatasi za vicheko. Matukio yanayopata 3 kwa vijana na 0 kwa mchanganyiko ndiyo yatakayofanya televisheni izimwe sebuleni. Mkitengeneza kwa ajili ya kibanda au simu, yaacheni. Mkitegemea kununuliwa na kituo cha televisheni, tengenezeni toleo la pili mapema, mkiwa bado na picha za ziada za nyuso. Na uainishaji wa umri ushughulikieni kabla ya kufunga uhariri, kwa sababu filamu ikiwekwa 18 mmeshapoteza wanafunzi wa sekondari, ambao ndio wapenzi wakubwa wa vichekesho hivi.

Kwa wanaopandisha kazi zao YouTube, msihangaike sana na maoni yaliyoandikwa chini. Wanaoandika ni wachache kati ya waliotazama, na wengi ni waliofurahi sana au waliokasirika sana. Fungueni mchoro unaoonyesha watazamaji wamebaki hadi wapi. Mstari ukipanda ghafla katikati, watu wamerudisha nyuma kuangalia tena. Hapo pana mzaha unaosimuliwa. Ukishuka kama ngazi sekunde chache kabla ya mzaha, dokezo ni refu. Ukishuka ndani ya mzaha wenyewe, mmevuka mpaka.

Jambo la mwisho ni kwamba maoni huhama kadiri miaka inavyopita. Filamu ya Mary ilipotoka, Cameron Diaz alipewa na wahakiki wa New York tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya mwaka 1998, na mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliiweka nafasi ya 27 katika orodha ya filamu 100 za kuchekesha zaidi. Mtazamaji wa leo anaweza kucheka vilevile kwenye zipu, na kwenye lile tukio la mbegu za kiume ambazo Mary anazipaka nywele akidhani ni jeli. Lakini anauliza maswali mengine: mbona wanaume hawa wanamfuatilia mwanamke kwa siri na kumdanganya, na mbona ulemavu wa akili wa kaka yake unafanywa chanzo cha mzaha? Ni maswali ya haki. Tazameni pia mahali yanapotua. Zipu ni aibu aliyoipata mhusika mwenyewe, na miaka mingi baadaye bado inafanya kazi. Kilichozeeka ni mzaha uliomlenga mtu asiyeweza kujitetea. Katika kadi zenu, swali la tano litawaonyesha mizaha ya aina hiyo mapema sana, kwa mkono wa mtu mmoja au wawili tu kati ya 80. Someni kadi hizo mbili kwa sauti mbele ya mwandishi na mhariri, kabla ya kuanza kusoma zile 78.